Mcheza Kwao Hutunzwa

Methali zetu zina bahati mbaya moja: mara nyingi hutumiwa na watu waliokumbuka nusu yake tu. Mojawapo ni hii isemayo kwamba mcheza kwao hutunzwa. Kila mchezaji wa mpira anapofunga mizigo yake ili aondoke Mombasa, methali hii hutolewa sandukuni, ikapanguswa vumbi, akatupiwa usoni kama jiwe. Wenye kuitupa hutamka kwa nguvu maneno mawili ya kwanza, mcheza kwao, kana kwamba ni amri ya kukaa. Neno la tatu hulimeza. Nami nia yangu katika insha hii ni kulitoa neno hilo la tatu katika koo zao, nililete mbele ya wasomaji, tulitazame.

Hutunzwa. Asiyejua maana ya neno hili na aende akatazame ngoma katika harusi yoyote ya pwani. Mchezaji anapocheza vizuri, watazamaji huondoka mahali walipoketi wakamfuata uwanjani. Mmoja humtia noti mkononi, mwingine humbandika noti katika paji la uso, na mwenye leso nzuri humtandia begani. Anayetakiwa kuinuka ni mtazamaji, kwa kuwa mchezaji amekwisha kufanya lililo lake. Basi methali haisemi kwamba lazima mtu akae kwao. Yasema kwamba watu wa kwao wana deni. Wanaoitumia kumshitaki mwenye kuondoka wamegeuza mdai akawa mdaiwa, na jambo hilo likitendwa mbele ya kadhi halipiti.

Nitachukua mfano ulio karibu nasi. Katika mwaka wa 2018 timu ya Bandari, iliyo mali ya Mamlaka ya Bandari ya Kenya, na uwanja wake uko Mbaraki katika kisiwa chetu hiki, ilimaliza ligi kuu ikiwa ya pili nyuma ya Gor Mahia. Msimu uliofuata ikawa ya pili tena. Mwaka huo huo wa 2019 ikatwaa Ngao ya nchi kwa kuishinda Kariobangi Sharks. Mlinda lango wake alikuwa Farouk Shikhalo. Mwezi wa Januari 2019 Bandari ilikwenda Dar es Salaam kushindania Kombe la SportPesa, ikaitoa Simba kwa mabao mawili kwa moja katika nusu fainali, mbele ya watu wa Simba wenyewe, kabla ya kufungwa na Kariobangi Sharks katika fainali. Mji wa Dar es Salaam una macho. Ulipofika wakati wa kusajili wachezaji, Yanga wakamchukua Shikhalo, kijana ambaye katikati ya mwaka huo alikwenda Misri pamoja na timu ya taifa ya Kenya kwa mashindano ya Kombe la Mataifa ya Afrika.

Hapo ndipo baraza zilipochachamaa. Kuanzia Kibokoni hata Kuze, na kuanzia Makadara hata Bondeni, dele la kahawa halikupata kupoa. Nami niliketi katika baraza kadhaa, nikanywa kahawa yangu chungu, nikasikiliza. Watu wengine walisema ametusaliti. Wengine wakasema hakuwa kitu. Wako waliotaka kujua tumelipwa kiasi gani, na neno hilo, tumelipwa, lilitamkwa na watu ambao hawakupata kutoa hata nauli ya timu kwenda Mariakani.

Hawa wa kundi la pili ndio wanaonishangaza zaidi. Juma lililopita kijana alikuwa simba wa lango. Juma hili, kwa kuwa amekwenda, watu walikumbuka bao moja lililompita chini ya mkono, wakalipima, wakalipindua, wakalisimulia kila mmoja kwa namna yake, hata bao likawa matatu. Katika vitabu vya darasa la pili tulisoma habari ya mnyama aliyerukia matunda mara nyingi asiyafikie, akaenda zake akisema, sizitaki mbichi hizi. Mtoto wa miaka minane huicheka hadithi hiyo. Mzee wa miaka hamsini huitenda barazani, asijue kama anachekwa.

Tena yafaa kukumbuka kwamba katika wachezaji wote hakuna anayeonewa na hesabu kama mlinda lango. Mshambuliaji akitia mabao kumi, huandikwa kumi. Mlinda lango akizuia kumi huandikwa sifuri, na likimpita moja huandikwa moja. Kazi yake yote ni kulifanya jambo lisitokee, na lisilotokea halina picha gazetini. Mzee mmoja aliyekuwa akitetea ubora wa kipa huyu aliulizwa ataje ushahidi wake, akajibu kwamba ushahidi wake ni usingizi mzuri aliolala Jumapili usiku. Watu walicheka, lakini sikusikia jibu bora zaidi msimu wote ule.

Sasa niwageukie wenye neno kubwa, neno la usaliti. Neno hili lina uzito wake katika dunia: msaliti ni mtu aliyepewa amana akaiuza. Je, ni amana gani aliyopewa mchezaji huyu na watu wa baraza? Hakuzaliwa katika lango la Mbaraki. Alifika Bandari akiwa amekwisha kuchezea klabu nyingine, na siku alipofika hakuna mtu mjini aliyesema, masikini, huyu amewasaliti wenzake wa kule alikotoka. Kapiteni wa Bandari siku hizo alikuwa Felly Mulumba, Mkongo. Katika washambuliaji wake alikuwamo William Wadri, Mganda. Watu hawa waliacha kwao wakaja kwetu, tukawaita wetu, tukawapenda, na tukafanya vizuri kuwapenda. Lakini mtu anayefungua mlango wa mbele kwa wenye kuingia, kisha akapiga kufuli mlango wa nyuma kwa wenye kutoka, nyumba yake haiitwi tena nyumba. Ina jina jingine, na mlango wake hulindwa na askari.

Msomaji atasema kwamba klabu hudhoofika mchezaji mwema akiondoka. Ni kweli. Atasema pia kwamba mtu mwenye mkataba hawezi kuamka asubuhi akatoweka kama jini. Nakubali bila ya ubishi: mkataba ni mkataba, na anayetaka kuondoka kabla ya muda wake kwisha budi alipiwe, au wenye klabu waridhike. Lakini muda ukiisha, umekwisha. Mwaka wa 1995, tarehe 15 ya mwezi wa Disemba, mahakama ya nchi za Ulaya iliyoko Luxembourg ilikata shauri la mchezaji wa Kibelgiji, Jean-Marc Bosman, ambaye klabu yake ilitaka kulipwa fedha hata baada ya mkataba wake kumalizika. Mahakama ikasema hapana. Mfanyakazi aliyemaliza mkataba ni mtu huru, naye mcheza mpira ni mfanyakazi. Tangu siku hiyo kanuni za mpira wa dunia zilibadilika. Ajabu ni kwamba habari hizo, zilizokwisha kufika kila pembe ya dunia, bado zinangojea ruhusa ya kupita Mlango wa Papa.

Na tuseme waziwazi jambo ambalo baraza hazipendi kulisikia. Mwaka ule ule wa 2019, Bandari ikiwa mshindi wa Ngao, iliingia katika Kombe la Shirikisho la Afrika. Ikaitoa Al-Ahly Shendi ya Sudan, ikaitoa na Ben Guerdane ya Tunisia, ndipo ikazuiwa na Horoya ya Guinea. Ni kazi ya kujivunia. Lakini michezo yake ya nyumbani ilichezwa wapi? Ilichezwa Kasarani, Nairobi, karibu kilomita 480 kutoka Mbaraki, kwa sababu Mombasa haikuwa na uwanja wa kiasi kilichotakiwa na wakuu wa mpira wa Afrika. Timu nzima, pamoja na viatu vyake na maji yake ya kunywa, iliondoka kwao ili icheze kwao. Mji wenye bandari kubwa kupita zote katika pwani hii, mji unaopakua meli za dunia, haukuwa na uwanja wa kumpokea Mwafrika mwenzake kwa dakika tisini. Nilitazamia kwamba baraza zitawaka moto kwa aibu hiyo. Zilikuwa zingali zikimjadili kipa.

Hapa naomba nipite pembeni kidogo. Msomaji wa mjini hapa akitoka katika mlango wa nyumba ya Mji wa Kale, akashuka hata bandari ya zamani chini ya Ngome ya Yesu, atakuwa amesimama mahali pa kuondokea. Kwa karne nyingi majahazi yalikuja hapa kwa upepo wa kaskazi yakarudi kwa kusi. Walioteremka walikuwa watu walioacha kwao: wa Hadhramaut, wa Omani, wa Bara Hindi, wa Lamu na Pate, wa Komoro, na wa bara yetu wenyewe. Hatukupata kusikia kwamba babu zetu walipofika walikuta bango limeandikwa wasaliti. Na hata leo, katika nyumba kumi za Mji wa Kale, sijui kama utaipata moja isiyo na mwana Maskati, au Dubai, au Jidda, na mwisho wa mwezi simu ikilia kuleta habari za fedha hakuna anayeuliza kama aliyezituma ni mwaminifu kwa mtaa. Seremala aendaye Omani ni mtafutaji; muuguzi aendaye Uingereza ni mwerevu. Mcheza mpira peke yake ndiye aliyeandikiwa kubaki na njaa kwa heshima yetu.

Labda mtu atanijibu kwamba Dar es Salaam ni jirani, na Yanga ni Waswahili wenzetu. Shida ni wale wanaokwenda mbali zaidi, wakabadili hata uraia na bendera. Jibu hili lina nguvu, nami sitalikwepa, maana nalo lina kisa chake katika kisiwa hiki hiki. Tarehe 24 Machi 2007, mbio za nyika za dunia zilikimbiwa katika uwanja wa gofu wa Mombasa, ukingoni mwa bahari, katika joto na mvuke ambao wenyeji twaujua na wageni hawakuujua. Bingwa mkubwa wa Ethiopia, Kenenisa Bekele, alishindwa na joto hilo akatoka mbioni kabla ya kumaliza, na mbio za wanaume zikatwaliwa na Zersenay Tadese wa Eritrea. Vijana wetu Asbel Kiprop na Linet Masai walishinda mbio za chipukizi. Na mbio za wanawake wakubwa zilishindwa na Lornah Kiplagat, mwana wa Kenya kwa kuzaliwa, akiwa amevaa rangi za Uholanzi.

Nilikuwa kijana wa shule siku zile, na ubishi ulioanza jioni hiyo naukumbuka kama niukumbukavyo upepo wa bahari ile. Medali hiyo ni ya nani? Watu waligawanyika nyumba kwa nyumba. Wengi walimtaja kuwa mwacha asili. Ni wachache waliotaka kujua sheria, na sheria ndiyo iliyokuwa kiini cha mambo. Lornah Kiplagat alipata uraia wa Uholanzi mwaka wa 2003, na katiba ya Kenya ya wakati ule haikumruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Aliyepokea uraia mwingine alinyang'anywa wa kwake. Ilikuwa Kenya iliyofunga mlango, na haikuufungua mpaka katiba mpya ya mwaka wa 2010. Tena mwanamke huyo, kabla hata hajabadili uraia, alikuwa amekwisha kuanzisha kituo cha mazoezi huko Iten, akikusudia hasa wasichana wa Kenya wapate mahali pa kukimbia na kulala. Nenda leo ukahesabu ni wangapi kati ya waliomlaani jioni ile waliojenga hata choo cha uwanja katika mtaa wao.

Kisa cha Stephen Cherono ni kigumu zaidi. Mwaka wa 2003 alikwenda Katar, akaitwa Saif Saaeed Shaheen, na mwezi wa Agosti mwaka huo huo akashinda mbio za kuruka viunzi na maji mjini Paris, mbele ya Ezekiel Kemboi wa Kenya. Mwaka uliofuata Kenya ilikataa kumpa ruhusa ya kukimbilia Katar katika Olimpiki ya Athens, na Wakenya watatu wakatwaa medali zote tatu. Majuma machache baadaye, mjini Brussels, Shaheen akaweka rekodi ya dunia iliyodumu hata mwaka wa 2023. Mimi sipendi biashara ya nchi yenye mafuta kununua miguu ya vijana wa nchi maskini kama anunuavyo mtu ngamia wa mbio. Wakuu wa riadha ya dunia nao walikuja kuona ubaya wake: mwaka wa 2017 walisimamisha mabadiliko yote ya uraia, na mwaka wa 2018 wakaweka kanuni mpya, kwamba mkimbiaji asibadili nchi kabla ya kutimiza miaka ishirini, na kwamba angoje miaka mitatu. Hiyo ndiyo njia ya kumlinda kijana. Anayemfanyia biashara hukabiliwa kwa kanuni, wala si kwa kumtukana kijana mwenyewe sokoni.

Wako pia waliokataa. Dennis Oliech, ambaye bao lake lilikuwamo katika ushindi wa kwanza wa Kenya katika Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka wa 2004, alitakwa na Katar awe raia wao akichezea klabu ya huko, naye akakataa akabaki Mkenya. Namsifu kwa moyo wote. Lakini angalieni hila iliyomo katika sifa zetu: twamtaja Oliech ili tumpige naye Shaheen, na baada ya kumpiga twamsahau Oliech pia. Sifa ya namna hiyo haimpi mtu kitu. Aliyebaki na aliyekwenda wote wawili wametumiwa kama fimbo.

Basi nirudi kwenye lile neno la tatu. Kutunza ni nini, katika mpira wa leo? Nitasema yaliyo wazi kwa haraka, maana hayahitaji hotuba: mkataba ulioandikwa na kusomwa na mchezaji mwenyewe kabla ya kutiwa sahihi, mshahara unaofika mwisho wa mwezi, usiongojee huruma ya mtu, tabibu kwa aliyevunjika goti, uwanja wenye nyasi. Mengi katika hayo yako mikononi mwa wakubwa. Lakini moja liko mikononi mwenu ninyi mnaosoma kitabu hiki, na kwa kuwa hakuna anayelitaja, nitakaa nalo.

Katika kanuni za mpira wa dunia kuna sharti kwamba mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla ya mkataba wake kwisha, sehemu tano katika kila mia ya bei yake hukatwa, zikagawanywa kwa klabu zilizomlea tangu alipokuwa na miaka kumi na miwili hata ishirini na mitatu. Ni sheria, si sadaka. Fikirini maana yake. Mbwana Samatta aliondoka Simba mwaka wa 2011 akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi, akatwaa nayo ubingwa wa Afrika mwaka wa 2015, akanunuliwa na Genk ya Ubelgiji mwaka wa 2016, kisha na Aston Villa ya Uingereza mwezi wa Januari 2020. Safari ya namna hiyo, kila inapokuwa na bei, huacha haki nyuma yake kwa wale waliomfundisha mtoto kupiga mpira. Lakini klabu haipati haki hiyo kwa kupiga kelele barazani. Huipata kwa kuonyesha kwamba ilikuwa imesajiliwa, na kwamba mtoto fulani, aliyezaliwa tarehe fulani, aliandikishwa kwake kuanzia siku fulani hata siku fulani.

Nimekwenda katika timu nyingi za mitaa, kisiwani na ng'ambo ya Likoni na Nyali. Nimeonyeshwa vikombe, nimeonyeshwa fulana za zamani, nimesimuliwa majina ya wachezaji wakubwa waliopitia pale. Nikiomba kuona daftari la wachezaji, hutazamana. Daftari alikuwa nalo fulani, na fulani amehamia Kilifi. Au lilikuwapo, likanyeshewa. Hivyo, mtoto aliyelelewa na mtaa kwa miaka sita akienda zake, mtaa hauna karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba ulimjua, na watu wa mtaa huo huo ndio wanaopaza sauti kwamba ni wao.

Mahmoud Abbas, mwana wa Mombasa, alilinda lango la AFC Leopards na la Kenya katika zile siku za neema ambapo taifa letu lilitwaa Kombe la Afrika Mashariki na Kati miaka mitatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983. Naye aliondoka Mombasa ili afike huko, maana Leopards ni timu ya Nairobi. Leo wazee wa baraza humtaja kwa fahari, na vijana huambiwa, huyu ni wetu. Farouk Shikhalo naye alikaa Yanga misimu miwili, akishindania nafasi na Metacha Mnata, akachezea na klabu nyingine za Tanzania, kisha akarudi Bandari. Alirudi langoni Mbaraki, na wale waliosema hakuwa kitu walinunua tikiti kama watu wengine wakaketi nyuma ya lango lake.

Kwa sasa, katika viwanja vyetu vya mchanga, wako watoto wa miaka kumi na miwili na kumi na mitatu wanaocheza kila jioni mpaka adhana ya magharibi. Baadhi yao wataondoka. Timu zao hazina katibu. Kazi yenyewe yahitaji daftari moja la kurasa mia, kalamu ya wino usiofutika, na kijana mmoja wa shule ya sekondari anayejua kuandika jina kamili la mtu, tarehe yake ya kuzaliwa, na siku aliyojiunga, kisha akalitia daftari hilo katika mfuko wa nailoni, juu, mahali pasipovuja mvua.